Vikengeushi: Maana ya Neno na Sura Zake Migori na Homa Bay

Kikengeushi ni kitu, jambo au hali inayoihamisha akili ya mtu kutoka kwa shughuli aliyoikusudia na kuipeleka kwingine. Redio inayovuma sebuleni mtoto akidurusu, simu inayolia katikati ya ibada, ugomvi wa majirani unaomfanya fundi asahau kipimo alichokwisha kuchukua: vyote hivyo ni vikengeushi. Neno lenyewe husikika zaidi mimbarini, shuleni na katika vitabu vya ushauri kuliko sokoni, lakini jambo linalotajwa nalo humgusa kila mtu mwenye kazi ya kukamilisha.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, kusini-magharibi mwa Kenya, jambo hilo huzungumzwa kila muhula wa shule unapofunguliwa. Kaunti hizi zilikuwa zamani wilaya moja ya Nyanza Kusini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,116,436 Migori na 1,131,950 Homa Bay. Watu hao wana ziwa lenye samaki, ardhi yenye dhahabu, mashamba ya miwa, biashara ya mpakani pale Isebania, na desturi za mazishi zinazokusanya umati. Kila kimoja kati ya hivyo ni riziki au heshima ya watu. Kila kimoja pia hutajwa mwalimu anapoulizwa kwa nini dawati fulani liko tupu. Ndiyo maana neno kikengeushi linafaa kuchunguzwa kwa mifano ya huku: mahali linapofaa, na mahali linapoficha ukweli.

Asili na muundo wa neno

Shina la neno hili ni kitenzi kukengeuka, maana yake kuiacha njia iliyonyooka na kushika ya pembeni. Kitenzi hicho kikiingia katika kauli ya kusababisha huwa kukengeusha, yaani kumfanya mwingine aiache njia. Kutoka hapo nomino huundwa kwa kutanguliza ki- na kumalizia kwa irabu -i, kama vile kuzuia kulivyozaa kizuizi. Neno liko katika ngeli ya KI-VI: kikengeushi kimoja, vikengeushi vingi. Waandishi wengine hupenda umbo refu zaidi, vikengeusha-fikira, ili msomaji asiwe na shaka kwamba kinachotolewa njiani ni mawazo.

Nomino nyingine mbili za ukoo huo zinafaa kutofautishwa. Ukengeushi ni kitendo cha kumtoa mtu njiani. Ukengeufu ni hali ya yule aliyekwisha kuiacha njia. Hilo la pili ndilo lenye umri mrefu zaidi katika maandishi ya dini. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotolewa nzima mwaka 1952, inalitumia katika Waraka wa Pili kwa Wathesalonike kwa maana ya watu kuiacha imani. Kwa hiyo msikilizaji wa rika la wazee anaposikia kwamba fulani amekengeuka, huenda akaelewa kwamba ameacha dini au maadili mema.

Maana ya siku hizi ni nyepesi kidogo. Mwanafunzi aliyekengeushwa na kelele hajaasi chochote. Macho yake yako kitabuni, lakini akili imetoka nje kupitia dirishani. Maana zote mbili zina njia ndani yake, na zinatofautiana katika nia. Aliyekengeuka kimaadili amechagua njia nyingine. Aliyekengeushwa kimawazo mara nyingi hatambui kwamba ameondoka mpaka arudi na kukuta muda umekwisha.

Katika sentensi, kitenzi hiki hupenda kauli ya kutendwa pamoja na neno na: dereva alikengeushwa na simu, waumini walikengeushwa na mtoto aliyekuwa akilia, kamati ilikengeushwa na hoja za kisiasa ikasahau ajenda. Kwa nomino, mtu huweza kusema kwamba simu ni kikengeushi kikubwa darasani, au kwamba mwandishi amejitenga na vikengeushi ili amalize kitabu. Vitenzi vinavyoandamana nalo vizuri ni kuepuka, kupunguza, kudhibiti, kujitenga na kushindwa na.

Majirani wa neno

Kiswahili kina maneno mengi yaliyo karibu na kikengeushi, na anayeyachanganya huishia kusema asichokusudia.

Kikwazo huzuia. Mtu aliyefikwa na kikwazo bado anaitazama shabaha yake, ila hana namna ya kuifikia. Mtoto wa kisiwa cha Mfangano anayetaka kwenda shule lakini hana karo amefikwa na kikwazo. Akili yake haijahama popote.

Kishawishi huvuta kwa tamaa, na ndani yake mna harufu ya kosa. Fedha za umma zilizo mbele ya karani ni kishawishi. Kikengeushi hakihitaji kuwa na ubaya wowote. Hata wimbo wa kanisani ni kikengeushi kwa mtu anayehesabu dawa za wagonjwa.

Bughudha, kero na udhia huchosha roho. Inzi wanaomzonga mchuuzi wa samaki ni kero, na wanaweza kuwa kikengeushi pia, lakini si lazima: mchuuzi mzoefu huwafukuza kwa mkono mmoja huku akihesabu pesa kwa mwingine bila kukosea.

Pumbao na kiburudisho hupoza akili na kupitisha wakati. Pumbao limo katika tafsiri za Kiswahili za Kurani, linapotajwa pamoja na mchezo katika kueleza maisha ya dunia. Mapumziko yana haki yake. Mechi ya Jumamosi jioni baada ya kazi ni kiburudisho. Mechi hiyohiyo ikitazamwa usiku wa kuamkia mtihani imegeuka kikengeushi.

Wajaluo, ambao ndio wengi katika sehemu kubwa ya kaunti hizi, wana kitenzi chao, galo, ambacho maana yake ya kila siku ni kuchelewesha. Mtoto anayetumwa dukani huambiwa kik igalri, usijicheleweshe. Kitenzi hicho hicho hutumika kwa akili inayozuiliwa mahali pasipo pake. Katika matumizi hayo hasara ya kukengeuka hupimwa kwa muda: aliyekengeushwa ni mtu aliyechelewa.

Dini zote mbili kubwa za Afrika Mashariki zimeligusa jambo hili. Katika Injili ya Luka, sura ya 10, Martha anahangaika na kazi nyingi za kumhudumia mgeni huku dada yake Mariamu akiketi kusikiliza. Kazi ya Martha ilikuwa njema kabisa, na bado ilimtoa kwenye lililo bora zaidi kwa wakati ule. Katika Kurani, sura ya 102, At-Takathur, wanaonywa watu walioshughulishwa na kushindana kwa wingi wa mali mpaka wakaingia makaburini. Mafundisho yote mawili yanashika kiini cha maana ya neno: kitu huwa kikengeushi kwa kulinganishwa na lengo. Pasipo lengo hakuna kikengeushi.

Jinsi akili inavyotoka njiani

Mwaka 1890 mwanasaikolojia Mmarekani William James alitoa kitabu kikubwa kuhusu saikolojia, na akatenga sura nzima kwa ajili ya umakini. Alieleza kwamba kuwa makini ni kuchagua: akili hushika jambo moja kwa uwazi na kuyaacha mengine ili ilimudu lile ililolishika. Waswahili walikwisha kulisema hilo kwa methali kwamba mshika mawili moja humponyoka.

Jaribio moja mashuhuri lilionyesha jinsi uchaguzi huo ulivyo mkali. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris walichapisha utafiti ambamo watu walitazama filamu fupi ya wachezaji wanaorushiana mpira wa kikapu, wakatakiwa kuhesabu pasi za timu moja. Katikati ya filamu mtu aliyevaa vazi la sokwe alipita mbele ya kamera. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yao yalikuwa wazi na yalielekea palepale, lakini akili ilikuwa imeshikwa na hesabu.

Utafiti mwingine, wa Sophie Leroy mwaka 2009, ulionyesha kwamba mtu akiacha kazi moja kabla haijaisha na kuanza nyingine, sehemu ya fikira zake hubaki kwenye ile ya kwanza, na ile ya pili hufanywa kwa udhaifu. Kwa hiyo gharama ya kikengeushi haiishi kinapoondoka. Simu iliyolia kwa nusu dakika huweza kumwacha msomaji akiwaza ujumbe ule kwa muda mrefu baada ya simu kunyamaza.

Vikengeushi hugawanywa katika makundi mawili. Vya nje huingia kwa milango ya fahamu: sauti, mwanga, harufu, watu, mlio wa simu. Vya ndani huzaliwa na mwili na moyo: njaa, usingizi, hofu, huzuni, deni, ugomvi wa nyumbani. Walimu huviona vya nje kwa urahisi na kuvikataza. Vya ndani havionekani, na mtoto anayesumbuliwa navyo huitwa mvivu au mzembe.

Dhahabu ya Nyatike

Nyatike, kaunti ndogo ya Migori inayopakana na ziwa, imechimbwa dhahabu tangu enzi za ukoloni. Mgodi mkubwa wa Macalder, uliotoa shaba na dhahabu, ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini jina likabaki kwa mji na uchimbaji ukaendelea mikononi mwa wachimbaji wadogo. Leo wachimbaji wa Macalder, Osiri na Masara huteremka katika mashimo membamba, hupandisha mawe yenye madini, huyasaga, kisha huosha unga wake kwa maji. Zebaki huchanganywa na matope ili ikusanye chembe za dhahabu, halafu huchomwa ikafuka hewani.

Kazi hii ina sehemu nyingi ambazo mikono midogo huweza kuzifanya: kuteka maji, kubeba mawe, kuponda, kuosha matope yaliyokwisha kuoshwa na wakubwa. Malipo hutoka siku hiyohiyo. Kwa mvulana wa darasa la saba, pesa anayoipata jioni ni halisi kuliko cheti atakachopewa baada ya miaka, na rafiki yake aliyeacha shule tayari ana simu na viatu vipya. Hapo dhahabu imekuwa kikengeushi kwa maana kamili: shabaha ya mbali imefunikwa na ya karibu. Methali inayosema kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu haitoshi huku, kwa kuwa hiyo ni dhahabu kweli. Tatizo ni kwamba chembe zinazomfikia mtoto ni chache, na anazilipia kwa miaka yake ya masomo.

Kuna hatari nyingine inayozidi kukengeushwa. Mashimo huporomoka, na mvuke wa zebaki hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hasa ya mtoto anayekua. Mtoto aliyevuta mvuke huo huweza kupungukiwa na uwezo uleule wa kumakinika anaouhitaji akirudi darasani. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuweka utaratibu wa kuwapa vibali. Hatua hiyo inawapa wenyeji nguvu ya kuutaka kila mgodi uwe na mtu anayewajibika kwa walioingia humo, wakiwemo watoto.

Ziwa na usiku wa omena

Upande wa Homa Bay, kuanzia Mbita hadi visiwa vya Rusinga na Mfangano, na upande wa Migori kwenye fuo za Sori na Muhuru Bay, riziki hutoka majini. Mbuta na ngege huvuliwa kwa nyavu na ndoana. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huelea gizani na taa zao, samaki wadogo hufuata mwanga, kisha wavu huvutwa. Usiku wenye mbalamwezi kali kazi hupungua, kwa sababu mwanga wa taa hauwavuti samaki sana. Kwa hiyo kalenda ya mvuvi wa omena hufuata mwezi wa angani, wakati kalenda ya shule hufuata kengele.

Hapo ndipo mgongano unapozuka. Mvulana aliyekesha ndani ya mtumbwi akichota maji au kuvuta kamba huingia darasani asubuhi akiwa na usingizi. Msichana aliyeamka alfajiri kuanika omena ufuoni na kuwageuza juani hufika kipindi cha kwanza kikiwa kimepita. Katika mifano hii ziwa lenyewe si kikengeushi. Usingizi ndio kikengeushi cha ndani, na ziwa ni chanzo chake. Mwalimu anayemchapa mtoto huyo kwa kusinzia hajagusa kiini cha shida.

Kila mwaka serikali ya Kenya hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Katika miezi hiyo fuo nyingi hutulia. Vikundi vya Usimamizi wa Fuo, ambavyo wavuvi huviita BMU, vina orodha ya mitumbwi na wanaofanya kazi humo, na vinaweza kukataza mtoto kupanda mtumbwi usiku wa kuamkia siku ya shule. Palipo na uongozi imara ufuoni, katazo hilo lina uzito kuliko tangazo lolote la redio, kwa kuwa linatolewa na watu wanaofahamiana kwa majina.

Disko matanga

Mazishi katika nchi ya Wajaluo ni jambo zito. Ndugu husafiri kutoka Nairobi, Mombasa na ng'ambo, hema husimamishwa, usiku wa kuamkia maziko watu hukesha pamoja na wafiwa. Mkesha huo una kazi yake: huwaliwaza waliobaki, hukusanya michango na kuupatanisha ukoo. Muziki umekuwa sehemu yake tangu zamani.

Disko matanga ni sura mpya ya mkesha huo. Ni dansi ya usiku kwa vipaza sauti vikubwa na jenereta, na vijana wengi wanaohudhuria hawamjui marehemu. Sauti husikika vijiji kadhaa. Wakati wa mitihani, mwanafunzi aliye nyumbani hukengeushwa hata akikataa kwenda, kwa kuwa muziki unamfuata kitandani. Anayekwenda hukutana na pombe, bangi na watu wazima wenye nia mbaya, na wasichana wamepata mimba au kudhulumiwa katika mikusanyiko hiyo. Machifu na makamishna wamelipiga marufuku disko matanga mara kwa mara katika kaunti za Nyanza na kwingineko nchini, na mara kwa mara limerudi, hasa katika likizo ya Agosti na Desemba.

Kurudi huko kuna sababu. Katazo linamlenga mtu mwenye vipaza sauti, lakini pengo linalojazwa na disko ni la vijana wasio na mahali pengine pa kukutana jioni. Wazee wanaotaka kulinda heshima ya mkesha wana njia ya kati: muziki wa kwaya au nyimbo za kumkumbuka marehemu, sauti isiyovuka boma, na watoto wa shule kurudishwa nyumbani mapema. Hapo kilio hubaki kilio, na mtihani haupotei.

Simu, kamari na barabara

Kikengeushi kilichoenea kupita vyote sasa ni simu ya mkononi. Imeingia kila nyumba pamoja na manufaa yake: M-Pesa tangu 2007, habari za bei ya samaki, masomo ya intaneti. Programu za mitandao ya kijamii zimetengenezwa ili zimshike mtumiaji kwa muda mrefu iwezekanavyo, maana muda wake ndio unaouzwa kwa watangazaji. Video moja ikiisha nyingine huanza bila kuulizwa. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilieleza kwamba chini ya robo ya nchi duniani zilikuwa na sheria au sera ya kuzuia simu shuleni. Shule za bweni za Kenya zilikwisha kuzikataza simu kwa wanafunzi kitambo, lakini mtoto wa kutwa hurudi jioni kwenye simu ya mzazi.

Kamari imejificha ndani ya simu hiyohiyo. Kijana wa Awendo au Oyugis anayebashiri matokeo ya mechi hawazi kamari kwa dakika chache za kubonyeza tu; huwaza mechi tangu asubuhi, huitazama jioni, na huwaza hasara usiku. Fikira zilizobaki kwenye ubashiri huo ni zile alizopaswa kuzitumia kwa kazi ya mikono yake au kitabu chake.

Barabarani gharama ya kikengeushi hupimwa kwa mita. Katika barabara kuu inayotoka Kisii kupitia Rongo, Awendo na mji wa Migori hadi Isebania, gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva anayetazama simu kwa sekunde 3 amesafiri mita 50 bila kuiona barabara, na katika mita hizo huenda kuna mwanafunzi anayevuka au bodaboda inayogeuka. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinatoza faini ya Sh2,000 kwa dereva anayetumia simu akiendesha. Hata anayetazama mbele huku akibishana kwenye simu yuko katika hali ya wale watazamaji wasiomwona sokwe: macho yapo, akili haipo.

Neno linapotumiwa vibaya

Kwa kuwa kikengeushi ni neno la upole, huvutia watu wanaotaka kupunguza uzito wa mambo. Kosa la kwanza ni kuuita umaskini kikengeushi. Mtoto anayechimba dhahabu ili anunue unga wa wadogo zake hajakengeushwa. Anajua vizuri alipokusudia kwenda. Amefikwa na kikwazo, na kumhubiria kuhusu umakini ni kumwongezea mzigo.

Kosa la pili ni kuiita dhuluma kikengeushi. Katika maeneo ya Kuria, mashariki mwa Kaunti ya Migori, ukeketaji wa wasichana umewatoa wengi shuleni. Ukeketaji ni jinai chini ya sheria ya mwaka 2011 inayoukataza. Vivyo hivyo mtu mzima anayemrubuni msichana wa shule kwa samaki au kwa nauli ya bodaboda ni mhalifu. Anayeyaita mambo hayo vikengeushi vya mtoto wa kike anamhamishia mtoto lawama ya mkosaji.

Kosa la tatu ni kuita kila kazi ya mtoto kikengeushi. Kuchunga mbuzi baada ya masomo, kusaidia shambani Jumamosi na kujifunza kushona nyavu kutoka kwa baba ni malezi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilichora mpaka huo kwa uwazi: mtoto wa chini ya miaka 13 haajiriwi kabisa, na wa miaka 13 hadi 16 anaweza kufanya kazi nyepesi isiyodhuru afya yake wala kuathiri mahudhurio yake shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo ililifanya suala la mtoto kwenda shule kuwa wajibu wa mzazi. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu kazi yoyote ni kama inagongana na lengo la mtoto. Isipogongana, si kikengeushi.

Tiba hufuata jina

Manufaa ya kulijua neno vizuri yako hapa. Kikwazo, dhuluma na kikengeushi kila kimoja kina tiba yake, na tiba ya kimoja haiponyi kingine. Kikwazo huondolewa: karo, chakula cha mchana shuleni, sare, mashua salama ya kuwavusha watoto wa visiwani. Dhuluma hushtakiwa: polisi, mahakama, ofisi ya watoto. Kikengeushi hupangiwa mahali na wakati.

Kupanga huko huanza kwa lengo kutamkwa. Mwanafunzi anayejua kwamba jioni hii anamaliza maswali kumi ya hisabati hutambua haraka anapoyaacha. Asiye na shabaha hukaa na kitabu saa tatu na kuamini kwamba amesoma. Hatua ya pili ni umbali. Simu iliyo katika chumba kingine humsumbua mtu kidogo kuliko iliyo mezani kifudifudi, kwa sababu mkono huifuata iliyo karibu. Hatua ya tatu ni saa maalumu: kazi kwanza, pumbao baadaye, kila moja na mwisho wake. Hatua ya nne ni kuvisikiliza vikengeushi vya ndani, maana mwenye njaa humakinika akishiba, na mwenye huzuni akisikilizwa.

Kijiji nacho kina sehemu yake. Mwenye mgodi anaweza kumrudisha mtoto aliyefika saa za masomo. Wavuvi wanaweza kukubaliana ufuoni kwamba hakuna mwanafunzi atakayekesha majini. Ukoo unaweza kuamua kwamba mkesha wa mazishi hautavuka boma. Mzazi anaweza kuzima televisheni na kuweka simu yake mwenyewe kando jioni, kwa sababu mtoto hufuata anachokiona. Hakuna kati ya hayo kinachongoja bajeti ya serikali.

Basi mzazi, mwalimu na kiongozi wa Migori na Homa Bay, kabla ya kusema kwamba mtoto amekengeuka, na amuulize kwanza alikusudia kwenda wapi na ni nini kilichomtoa njiani. Jibu likiwa ni umaskini, asaidiwe. Likiwa ni dhuluma, atetewe. Likiwa ni kikengeushi, aelekezwe kwa upendo arudi kwenye kazi yake.